Tano Nini?

Mabomba ya maabara yalikuwa bado yanakohoa upepo
(Alhamisi maji hufika Jericho saa nne, yakipenda)
mtafiti alipotugawia fomu, karatasi mbili zilizobanwa pamoja.
Akasema: hakuna jibu sahihi.
Tukacheka. Sisi ni wale kumi na wanne wa Sayansi Maalumu;
hatujawahi kuulizwa kitu kisicho na jibu sahihi.

Jipime, kuanzia moja hadi tano.
Uwezo wa hesabu. Uwezo wa lugha.
Kuona maumbo akilini. Kuwaelewa wengine. Kujielewa.

Galgalo akazungushia tano, tano, tano,
kalamu haikuinuka, mduara ukamvuta mwenziwe
kama mabehewa ya treni inayoondoka Makadara.
Hakuwa anaringa. Namjua.
Kwao mtu akiulizwa hali husema njema
hata kama paa limeng'oka.

Nasieku akainua mkono: "Tano nini?"
Mtafiti hakuelewa.
"Urefu tunasema mita. Hii tano ni tano nini?
Namba isiyo na kizio, Bwana Ondimu huikata maksi."
Bwana Ondimu, kule nyuma kwenye kabati la asidi,
akajifanya anahesabu mirija.

Na Mutheu, wa kwanza tangu kidato cha kwanza,
Mutheu atatuaye mlinganyo huku akimenya chungwa,
aliandika mbili. Niliisoma kichwa chini miguu juu, ng'ambo ya meza.
Mbili. Kwenye hesabu.
Nilitaka kumpiga teke.
Ikiwa yeye ni mbili, mimi nimebakiwa na nini? Sehemu? Hasi?
Nikafuta nne yangu, nikaandika tatu.
Kifutio kiliacha doa la kijivu, na nne ikaendelea kuchungulia chini yake
kama bango la uchaguzi uliopita.

Sasa niseme ambacho fomu haikuuliza.
Jioni nauza mafuta ya taa kwenye kibanda cha mama, Kariobangi,
tangu nikiwa na miaka saba.
Umeme ukipotea sihitaji tochi:
chupa inapojaa sauti hupanda,
kutoka mngurumo hadi mluzi,
na kabla mluzi haujafika shingoni mkono wangu umeshafunga.
Siku tuliyofundishwa safu ya hewa na mtetemo
wenzangu waliandika. Mimi nilitazama kiganja changu
kama mtu aliyetajiwa jina kamili la rafiki wa siku nyingi.

Kwenye bureti pia. Wengine husubiri rangi ya waridi itokee;
mimi najua tone linalokuja ndilo. Najuaje?
Mtihani hutaka "eleza". Hapo ndipo ninapokwama,
hapo ndipo ninapopewa saba kwa kumi
na "Usibahatishe!" kwa wino mwekundu.
Nimelisoma neno hilo hadi nikaanza kuliamini:
labda ninachokiita akili
ni bahati ambayo bado haijakamatwa.

Kengele. Mtafiti akakusanya fomu, akahesabu: kumi na tatu.
Nasieku alikuwa bado anaandika pambizoni.
Mlangoni nikamuuliza Mutheu, kwa nini mbili?
Akanitazama kana kwamba nimemuuliza njia ya kwenda kwao.
"Juzi nilifungua kitabu cha kaka, cha chuo.
Hata alama zenyewe sikuzijua."
Akaendelea kula mkate wake. Basi.

Jioni mtaa mzima ulikuwa giza.
Mama Khavere alileta chupa ya nusu lita.
"Angalia usimwage."
Sikuangalia. Nilifumba macho, kwa makusudi,
na sauti ikapanda, ikapanda, ikawa nyembamba kama uzi.
Nikafunga.
Akamulika kwa simu: mafuta yamekaa kwenye mstari wa shingo,
si juu, si chini.
"Tano," nikasema.
"Tano nini?" akauliza, akifungua kibeti.

Sikuwa na kizio.